Mwongozo kamili wa kubadilisha menyu ya ushirika na kuyapokea malalamiko ya wanachama

Chama cha akiba na mikopo kinapohamisha kitufe kimoja kwenye programu yake ya simu, au kinapopanga upya namba za menyu ya USSD, yaani ile inayofunguliwa kwa kupiga namba maalumu kwenye simu yoyote bila intaneti, ofisi huliona jambo hilo kuwa dogo kwa sababu limemchukua mtaalamu nusu siku tu kulitekeleza. Wanachama hulipima kwa kipimo kingine. Chukulia mama anayeuza samaki mjini Busia, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akibonyeza tatu ili aone salio lake huku macho yake yakiwa kwa wateja. Asubuhi moja anabonyeza tatu na kukuta anaulizwa anataka mkopo wa shilingi ngapi. Kwake yeye, kilichobadilika ni uhakika kwamba fedha zake ziko pale alipoziweka. Akipiga simu ofisini kwa hasira, au akisimama kwenye mkutano mkuu na kusema kwamba mfumo umeharibiwa, anatoa taarifa ambayo ofisi haikuwa nayo, na anastahili kusikilizwa kama mtoa taarifa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mameneja, wajumbe wa kamati na wasanidi programu wanaovihudumia vyama vya ushirika nchini Uganda, ingawa mengi yaliyomo yanaihusu huduma yoyote ya kidijitali inayotumiwa na jamii inayojuana. Sehemu moja karibu na mwisho imeandikwa kwa mwanachama anayetaka kupinga badiliko na kusikilizwa.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kuandika vitufe

Kabla badiliko lolote halijaanza kutengenezwa, ofisi iandike kwenye karatasi moja kazi ambazo wanachama huzifanya kupitia skrini inayohusika: kuangalia salio kabla ya kununua bidhaa, kuthibitisha kwamba mchango wa kikundi umeingia, kumwonyesha mwenye duka ujumbe wa malipo, kuomba mkopo wa ada ya shule. Mbele ya kila kazi iandikwe namna inavyofanyika leo na namna itakavyofanyika baada ya badiliko, hatua kwa hatua. Zoezi hili huonekana la kuchosha, lakini ndilo linaloonyesha kwamba kitufe kimoja hubeba kazi kadhaa ambazo hakuna aliyezipanga.

Mfano mzuri ni ule wa Twitter. Mwezi Novemba mwaka 2015 kampuni hiyo iliondoa alama ya nyota chini ya kila ujumbe na kuweka moyo. Kitufe kilibaki mahali pake na kiliendelea kufanya jambo lile lile katika mfumo, lakini watumiaji wengi walilalamika, kwa kuwa walikuwa wakiitumia nyota kuhifadhi ujumbe wa kusoma baadaye, au kumjulisha mwenzao kwamba wameuona, pasipo kudai kwamba wameupenda. Moyo hauwezi kubeba maana hizo zote, hasa chini ya habari ya msiba. Ushirika unaobadilisha neno «Thibitisha» kuwa «Kubali», au unaobadilisha rangi ya ujumbe wa malipo yaliyokamilika, ujiulize swali hilo hilo: neno hili au rangi hii ilikuwa ikimwambia nani jambo gani?

Hatua ya pili: tafuta yale ambayo watu wameyahifadhi vichwani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na kwa maoni yangu ndipo vyama vingi hupapita haraka mno. Mtumiaji wa simu janja huona picha na maneno, kwa hiyo akipotea anaweza kutafuta. Mtumiaji wa simu ya tochi, ile tunayoiita katochi, hutegemea mfuatano wa namba. Wengi hawasomi menyu kabisa; wanakumbuka «tatu, kisha moja, kisha namba ya siri», na waliozoea zaidi huandika mfuatano wote kwa mkupuo mmoja, wakitenganisha namba kwa nyota na kumalizia kwa alama ya reli, ili wasisubiri kurasa zifunguke moja baada ya nyingine. Wengine wamefundishwa mfuatano huo na mtoto au na wakala wa pesa za simu, na baadhi ya waweka hazina wa vikundi wameuandika kwenye jalada la daftari. Ukihamisha namba moja, unakuwa umelifuta somo hilo lote kwa siku moja.

Njia ya kuyajua haya ni kukaa na watu wanapofanya kazi. Mtu mmoja kutoka ofisini aende sokoni, akae karibu na wakala anayehudumia wanachama wengi, aone ni nani anayebonyeza kwa haraka bila kutazama, ni nani anayempa mwingine simu ambonyezee, na ni wapi watu husimama kufikiri. Awaombe ruhusa kwanza na awaeleze taarifa hizo zitatumika kwa jambo gani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu apate ridhaa yake. Asiandike salio la mtu, na asimame mahali ambapo hawezi kuiona namba ya siri ikibonyezwa.

Nitoe mfano mmoja wa badiliko lenye nia njema kabisa linaloweza kuzua ghasia. Ushirika unaamua kuongeza lugha ya Kiswahili kwenye menyu yake, jambo ambalo mimi nalipenda sana, kwa kuwa katika miji ya mipakani na katika masoko mengi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wanachama wasio na lugha moja ya mama, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Msanidi programu anaweka ukurasa mpya mwanzoni: moja Kiingereza, mbili Kiswahili, tatu Luganda. Kuanzia hapo kila mfuatano uliokuwa umehifadhiwa kichwani umesogea hatua moja. Aliyezoea kubonyeza tatu ili aone salio anajikuta amechagua Luganda, na namba inayofuata inampeleka mahali asipopatarajia. Wanachama watalalamika kuhusu «hiyo lugha mpya», na kamati inaweza kudhani kwamba wanakikataa Kiswahili, kumbe wanachokikataa ni ukurasa wa ziada. Dawa yake ni rahisi: lugha iulizwe mara moja tu na ikumbukwe, au chaguo la lugha liwekwe mwishoni mwa menyu, lisikalie mlango.

Kuna kikwazo kingine cha kiufundi ambacho hakina budi kukumbukwa. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi zisizozidi 182, nafasi na alama zikiwemo. Ukiongeza mstari mmoja juu, mstari wa chini unaweza kusukumwa kwenye ukurasa wa pili, nyuma ya chaguo la «Zaidi», na mwanachama aliyekuwa akiuona kila siku atasema umeondolewa. Hesabu herufi za kila ukurasa katika kila lugha, kwa sababu sentensi za lugha mbili hazilingani urefu.

Kwa programu za simu janja, mambo ya kuangalia ni mengine: mwanga wa jua na ukubwa wa vidole. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanayopendeza ndani ya ofisi hayasomeki chini ya jua la saa saba mchana. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kipimo hicho kinaweza kukaguliwa bila malipo mtandaoni.

Hatua ya tatu: chagua wakati, na chagua atakayetangaza

Badiliko lisifanywe wiki za kufungua shule, wakati wazazi wanatoa akiba na kuomba mikopo ya ada, wala katika msimu wa mavuno ya kahawa kwa vyama vya wakulima. Lisifanywe Ijumaa jioni, ofisi ikiwa inafungwa. Siku nzuri ni ile ambayo kesho yake na kesho kutwa ofisi iko wazi, na watu wa kupokea simu wapo wa kutosha.

Suala la nani atangaze lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi wanachama wamefundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba skrini isiyo ya kawaida ni dalili ya wezi wa mtandaoni. Kwa hiyo skrini mpya inayojitokeza bila taarifa huwafanya watu waangalifu zaidi kuwa wa kwanza kuogopa, na hofu yao husambaa katika makundi ya WhatsApp kabla ofisi haijafunguliwa. Tangazo litolewe na watu ambao wanachama wanawafahamu kwa sura na sauti: mwenyekiti wa tawi, mweka hazina wa kikundi, wakala wa sokoni, mtangazaji wa redio ya wilaya. Lisiwe na kiungo cha kubonyeza, na lisimwombe mtu aingize namba yake ya siri popote. Liseme mambo matatu: ni nini kinahama na kinahamia wapi, kwa nini, na ni siku gani. Baraza la tawi, ambapo mtu anaweza kuinua mkono na kuuliza mbele ya wenzake, hufanya kazi hii vizuri kuliko ujumbe mfupi mia moja.

Ukumbuke pia kwamba kupakua toleo jipya la programu kunagharimu bando, na kwamba tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda imekuwa ikitozwa ushuru wa asilimia 12. Wanachama wengi huchelewesha kusasisha programu zao kwa makusudi. Matokeo yake ni kwamba kwa wiki kadhaa matoleo mawili yatakuwa yakitumika pamoja, na jirani atamwelekeza jirani kwenye kitufe ambacho hakipo kwenye simu ya mwenzake. Makarani wawe na picha za matoleo yote mawili mezani.

Hatua ya nne: anza na wachache

Badiliko lianzie tawi moja, na lisiwe tawi la makao makuu ambako kila mwanachama anamfahamu karani wa kumsaidia. Njia ya zamani ibaki ikifanya kazi. Iwepo pia namna ya kuirudisha haraka, iliyojaribiwa kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa ahadi ya msanidi programu kwamba «tunaweza kurudi wakati wowote» haina thamani mpaka ijaribiwe.

Hatua ya tano: malalamiko yanapoanza

Yataanza siku ile ile, na siku za mwanzo ndizo zinazoamua kama wanachama wataendelea kuiamini ofisi. Mtu mmoja apewe kazi ya kuyaandika yote kwa maneno ya walalamikaji wenyewe, yatokayo simu, kaunta, makundi ya WhatsApp na mawakala, bila kuyafupisha kuwa «hawajazoea».

Yakishaandikwa, yatenganishwe kwa kuuliza kila moja linahusu nini. Baadhi husema kwamba kazi imevunjika: mtu hawezi tena kufanya alichokuwa akikifanya, au anakifanya kwa hatari. Hayo hushughulikiwa saa hiyo hiyo, hata kama yametoka kwa mtu mmoja. Baadhi husema kwamba mtu haoni au hasomi, nayo hurekebishwa ndani ya siku chache. Yapo yanayosema tu kwamba skrini mpya haipendezi au inachosha. Hayo huandikwa na kusubiriwa, kwa kuwa mengi hupungua yenyewe mkono ukishajifunza. Kisha kuna lalamiko la «mmetubadilishia bila kutuuliza», na hili lisichanganywe na yale ya ladha. Katika ushirika kila mwanachama ni mmiliki mwenye kura moja. Anayelitoa anadai haki yake ya uanachama, na jibu lake ni mkutano. Kumpa maelezo ya namna ya kutumia menyu mpya ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza.

Wanachokiomba watu na kinachowaumiza vinaweza kutofautiana. Septemba 2006 Facebook ilianzisha ukurasa uliokusanya mahali pamoja kila walichofanya marafiki wa mtumiaji. Mamia ya maelfu ya watumiaji walijiunga na makundi ya kuupinga, wengi wakidai uondolewe. Habari zile zilikuwa zikionekana tangu zamani kwa yeyote aliyetembelea kurasa za marafiki zake. Kilichowaumiza ni kwamba sasa zilisukumwa mbele ya macho ya wote, nao hawakuwa na njia ya kuzuia. Jibu la kwanza la Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, liliwataka watu watulie, na halikusaidia. Siku chache baadaye aliomba radhi hadharani na kuongeza vidhibiti vya faragha. Ukurasa ulibaki, kwa sababu kilichorekebishwa ndicho hasa kilichokuwa kikiuma.

Jibu la ofisi kwa wanachama liwe fupi na liwe na tarehe. Linaweza kuandikwa hivi:

«Ndugu wanachama, tangu Jumanne salio limehamia namba tano. Tumearifiwa na baadhi yenu kwamba mkibonyeza tatu mnafika kwenye ukurasa wa mkopo. Hakuna mkopo wowote unaotolewa bila namba ya siri, na tumekagua akaunti zote zilizofika hapo. Leo jioni namba tatu itarudi kuwa ya salio. Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana katika matawi yote tuwasikilize kuhusu mpangilio mpya. Hatutamwomba mtu yeyote namba yake ya siri.»

Jibu hili halimsifu mtu kwa uvumilivu wake, wala halisemi kwamba mpangilio mpya ni bora. Linataja tatizo kwa maneno ya mwanachama na linasema litakalotendeka na lini.

Hatua ya sita: pima, na uwatafute walionyamaza

Sauti kubwa katika kundi la WhatsApp ni ya mwenye simu janja na bando. Mwanachama wa katochi anaposhindwa haandiki popote. Huacha kutumia huduma, akaanza kupanga foleni kaunta, au akaweka fedha chini ya godoro. Kwa hiyo ofisi itoe orodha ya wanachama waliokuwa wakitumia menyu kila wiki kabla ya badiliko na ambao hawajaonekana tangu hapo, kisha iwapigie simu baadhi yao. Kwangu mimi orodha hii ina thamani kuliko kura yoyote ya maoni, maana anayejibu kura ni yule ambaye bado yupo.

Kipimo cha pili kinahusu kutofautisha ugumu wa mazoea na ubovu wa muundo. Linganisha wanachama wa zamani na waliojiunga baada ya badiliko. Wapya wakiimudu skrini bila shida huku wa zamani wakijikwaa, tatizo ni mazoea, na muda pamoja na msaada wa makarani vitalipunguza. Wapya nao wakijikwaa pale pale, basi skrini yenyewe ni mbovu, na kungoja hakutaiponya. Ili ulinganisho huu uwezekane, ni lazima hesabu za kabla ya badiliko ziwe zimehifadhiwa: ni miamala mingapi huachwa katikati, na ni simu ngapi za kuomba msaada hupokelewa kwa siku.

Hatua ya saba: amua, na uamue hadharani

Kamati ina njia tatu: kurudi nyuma, kurekebisha, au kubaki na badiliko. Irudi nyuma kama kazi muhimu imevunjika na faida ya badiliko ilikuwa ya ofisi peke yake. Ibaki, hata kelele zikiwa kubwa, kama badiliko linalinda fedha za watu, mfano ukurasa unaoonyesha jina la mpokeaji kabla ya fedha kutumwa. Wanachama watasema unawachelewesha, na ni kweli unawachelewesha. Lakini fedha iliyotumwa kwa mgeni hairudi kwa urahisi, na kamati ina wajibu wa kulieleza jambo hilo mara nyingi kadiri itakavyoulizwa.

Ikiamua kurekebisha, irudishe kazi yenyewe, isiishie kurudisha sura yake. Windows 8, mfumo wa kompyuta wa Microsoft uliotoka mwaka 2012, uliondoa kitufe cha Start cha kufungulia menyu ya programu, kilichozoeleka tangu mwaka 1995. Watumiaji walipolalamika, Microsoft ilikirudisha katika Windows 8.1 mwaka uliofuata, lakini mtu akikibonyeza alifunguliwa ile ile skrini mpya aliyokuwa akiikimbia. Menyu yenyewe ilirudi katika Windows 10 mwaka 2015.

Jambo ambalo kamati isilifanye kamwe ni kutumia nguvu ya kiufundi kuwanyamazisha wanachama. Mwaka 2014 shirika linaloendesha Wikipedia lilileta namna mpya ya kuonyesha picha, na jamii ya wahariri wa Kijerumani ikapiga kura isiwashwe moja kwa moja kwa wasomaji wote. Shirika lilijibu kwa kuunda ngazi mpya ya ulinzi iliyowazuia hata wasimamizi wa kujitolea kuibadilisha. Mgogoro ukaliacha suala la picha na kuwa mgogoro wa mamlaka, na ngazi hiyo ikaondolewa Novemba 2015.

Kwa mwanachama anayepinga

Eleza kazi uliyotaka kufanya, ulichobonyeza, ulichokiona na kilichokugharimu. «Nilitaka kuona salio ili nilipe mzigo, nikabonyeza tatu, nikafika kwenye mkopo, gari likaondoka bila mzigo wangu» ni lalamiko ambalo hakuna kamati inayoweza kulipuuza. Taja aina ya simu yako na siku ilipotokea. Watafute wenzako waliopatwa na jambo hilo hilo, mlipeleke kwa maandishi kwa katibu wa tawi, na muombe liingizwe kwenye ajenda ya mkutano. Usitume kwenye kundi picha ya skrini inayoonyesha salio au namba ya akaunti yako.

Kuiondoa njia ya zamani

Njia ya zamani isiondolewe kwa sababu tu kelele zimekwisha. Isubiri mpaka msimu mzima wa ada ya shule upite, kwa kuwa wapo wanachama wanaoifungua menyu wakati huo tu, na rekodi zionyeshe kwamba wanaoitumia wamebaki wachache ambao wanaweza kupigiwa simu mmoja mmoja. Tarehe itangazwe kupitia watu wale wale waliolitangaza badiliko la kwanza. Namba iliyoachwa wazi isipewe kazi nyingine kwa angalau mwaka mmoja, na kwa hali yoyote isipewe kazi ya kutuma au kukopa fedha. Anayeibonyeza kwa mazoea apate ujumbe unaomwambia salio limehamia namba gani, kisha arudishwe kwenye menyu kuu.